Mtoto katahiriwa Kiyahudi, usiku wa kwanza unafanyaje?

Dada mleta mada, umesema umepata kazi ya kulea kwa familia ya Kiyahudi huko New Jersey, mtoto anatahiriwa Jumanne na hujawahi kushika kichanga chenye kidonda cha tohara. Mi niko Brooklyn kazi hiyohiyo, watoto wanne wa kiume nimeshawapokea baada ya mohel (ndo ngariba wao) kumaliza yake, ngoja nikupe niliyoyaona.

Wao wanatahiri siku ya nane, ila usishangae ukihesabu ukaona siku saba. Wao siku ya kuzaliwa nayo inahesabiwa, na siku yao inaanza jua likizama, kwa hiyo aliyezaliwa Jumanne asubuhi anatahiriwa Jumanne inayofuata, aliyezaliwa Jumanne saa tatu usiku anaenda Jumatano. Mtoto akiwa na manjano au hajakaa sawa inasogezwa mbele, wa pili wangu alingoja mpaka siku ya 12.

Shughuli yenyewe fupi sana. Babu au mzee mwingine anampakata juu ya mto, huyo wanamwita sandek, mtoto analambishwa divai kidogo, anapewa jina, watu wanaenda kula. We usikimbilie chakula! Mfuate mohel kabla hajaondoka akuonyeshe alivyofunga bandeji, muulize inatoka lini na nani anaitoa, na chukua namba yake ya simu. Mmoja alituambia tuitoe jioni ileile, mwingine alirudi kesho yake akaitoa kwa mkono wake, kwa hiyo hapo fuata la yule aliyekata, sio langu wala la jirani.

Usiku wa kwanza kazi kubwa ni vaselini. Kila ukibadilisha pempas paka vaselini ya kutosha kwenye kipande cha shashi safi, na ninaposema ya kutosha namaanisha usione huruma na kopo, weka pale kwenye kichwa cha uume ndo ufunge pempas, na ufunge kwa kulegeza. Shashi ikigandia usiivute, dondoshea maji ya uvuguvugu polepole mpaka iachie yenyewe. Akijisaidia haja kubwa safisha kwa pamba na maji tu, vile vitambaa vyenye manukato weka kando kwanza. Kuoga ni kufutwa na kitambaa mpaka mohel au daktari aruhusu, na mara nyingi hata kitovu kinakuwa bado hakijadondoka.

Sasa kosa langu. Mtoto wa kwanza, siku ya tatu, saa nane usiku nafungua pempas naona kichwa chote kina utando wa njano unanatanata. Nikajua usaha tayari! Akili ikaenda kwa bibi Tanga, nikachemsha maji yakapoa kidogo, nikatia chumvi, nikaanza kufuta na pamba. Utando haukutoka, ila damu ikatoka, mtoto akalia mpaka nyumba nzima ikaamka. Mama yake akampigia mohel usiku ule, mzee akauliza tu: ana homa? wekundu unapanda kuelekea tumboni? panatoa harufu? Vyote hapana. Akasema huo ndo mwili unajifunga wenyewe, msiuguse, utaisha. Na kweli ndani ya siku kama kumi pakawa pamepona. Mama mtu hakunifokea, ila wiki nzima alikuwa anabadilisha pempas mwenyewe, mi nimesimama pembeni nashika kopo.

Damu kidogo kwenye pempas, doa la ukubwa wa sarafu, ni kawaida. Ikiendelea kutiririka gandamiza na shashi kwa kama dakika kumi bila kufunua funua, isipokata muende hospitali. Muende pia akipitisha masaa 12 bila kukojoa, wekundu ukisambaa, ukiona usaha wa kweli wenye harufu, au joto likifika 38, na hilo la joto usisubiri asubuhi wala usianze kumpa dawa ya homa nyumbani, kichanga wa umri huo homa sio jambo la kuangalizia.

Kitu kingine, kuna familia za dini sana mohel ananyonya damu ya kidonda kwa mdomo moja kwa moja, wengine wanatumia kibomba cha kioo. Ile ya mdomo imeshaambukiza watoto hapa New York virusi vya herpes na kuna waliofariki. Uamuzi ni wa wazazi sio wako, lakini ukijua ilifanyika halafu mtoto akagoma kunyonya, analegea, au kaota vipele vya maji, mtajie daktari hilo mapema.

Na usichanganye na ile pete ya plastiki wanayoweka hospitali, mtoto wa wifi yangu Dar alifanyiwa hiyo, wanangoja idondoke yenyewe. Mohel kwa kawaida haachi pete, kwa hiyo usikae unaisubiri.

Kidonda kikishapona, mtoto akinenepa, ngozi inaweza kurudi kufunika kichwa. Mohel wetu alituonyesha kuisukuma chini taratibu wakati wa kubadilisha pempas isije ikagandana, mwambie na wako akuonyeshe. Kama ana kitovu bado, kunja pempas kwa mbele isikisugue.