Nzi wa kijani: Lucilia au Chrysomya?

Mdogo wangu, umeuliza wale nzi uliowanasa kwenye vichwa vya samaki pale Feri ni Lucilia au Chrysomya, jenasi mbili za nzi wa mizoga, maana wote wanang'aa kijani. Rangi itakudanganya, achana nayo. Mweke nzi chini ya hadubini, vuta bawa pembeni, tazama shina la mshipa mkuu karibu na mwili. Lina vinyweleo upande wa juu? Chrysomya. Lucilia hapo ni kipara.

Kosa lako ni kutumbukiza funza wa nzi hao wakiwa hai kwenye spiriti. Wanasinyaa na kuwa weusi, na wewe urefu wao ndio unaoutegemea kukadiria umri. Waue kwanza kwa maji yanayokaribia kuchemka, nusu dakika, halafu ethanoli ya asilimia 80. Kisha hesabu mipasuko kwenye kila tundu la kupumulia la nyuma: mitatu maana yake funza yuko hatua ya tatu ya ukuaji.

Funza wachache wafuge kwa maini hadi wawe nzi na kuruka, nzi mzima hutambulika kirahisi zaidi. Ila wale wenye vijinundu kama miiba mwilini, Chrysomya albiceps, watenge, hula funza wenzao. Mimi niliwachanganya, asubuhi kopo lilikuwa la aina moja tu, wamenona.