Majani ya nyanya kuwa njano: punguza, usiongeze

Ndugu, pole. Nimekuelewa: udongo wa ndoo umeuchanganya mwenyewe kwa mboji, samadi mbichi ya kuku na majivu mengi, na sasa ncha za majani zimeungua, huku majani machanga yakiwa njano na mishipa yake ikibaki kijani.

Sidhani kama mmea una njaa. Samadi mbichi ina chumvi na amonia zinazounguza mizizi. Majivu nayo hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo; ikiwa juu, uchachu umepungua), na ikishapita 7 mizizi huanza kushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo tele. Ndiyo maana nakusihi usiongeze mbolea yoyote sasa, hata ile ya maji.

Mwagilia maji mengi mpaka yatoke chini ya ndoo, uyaache yachuruzike yote. Majivu acha kabisa. Kisha pima pH. Nyanya hupenda 6.0 hadi 6.8. Ikizidi 7.5, peleka sampuli maabara au muone bwana shamba kabla ya kutia salfa ya kuishusha, maana kukadiria kipimo cha salfa kwa macho ni hatari.

Msimu ujao samadi ioze miezi kadhaa kwanza. Mbichi hubeba vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo haya matunda yaoshe vizuri.