"Share" na "stock": je, zote ni hisa?

Swali: Natafsiri taarifa za fedha za makampuni. Kiingereza kina "share" na "stock", lakini kamusi zinanipa neno moja tu, hisa. Mhariri wangu anataka niandike "shea" kwa la kwanza na "stoki" kwa la pili ili tofauti isipotee. Yuko sahihi? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Ndugu msomaji, stoki ikatae kabisa. Neno hilo lina kazi yake tayari, na kila mwenye duka anaijua: "stoki mpya imeingia", yaani mzigo umefika, njoo uchague. Ukiandika kwamba kampuni imeuza stoki yake yote, watu wataelewa kwamba ghala limebaki tupu. Hakuna atakayefikiri kwamba kampuni imepata wenyewe wengine. Shea inasemwa sana mitaani, lakini haiongezi chochote ambacho hisa haina.

Kwa Wamarekani tofauti ni ndogo: "stock" ni umiliki wa kampuni kwa ujumla, "share" ni kile kinachohesabika kimoja kimoja. Kwa Waingereza kuna mtego. Zamani hisa zilizokwisha kulipiwa zote ziliweza kuunganishwa kuwa fungu moja la mtaji, na hilo ndilo lililoitwa "stock". Sheria yao ya Kampuni ya mwaka 2006 iliondoa ruhusa hiyo. Leo ukilikuta neno hilo kwenye mizania ya kampuni ya Uingereza, aghalabu ni bidhaa zilizoko ghalani, na likihusu mikopo ya serikali, ni hatifungani, yaani hati za deni. Basi kabla hujaandika hisa, tazama kwanza waraka umetoka nchi gani.

Ama Kiswahili, hakikosi njia. Hisa imetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni fungu la mtu katika mali ya pamoja. Ndivyo inavyotumika katika mirathi ya Kiislamu: mume akifa akaacha watoto, hisa ya mjane ni thumuni. Hapo hatuhesabu vipande, tunataja sehemu ya kitu kizima. Makampuni yalipokuja na umiliki uliokatwa vipande vilivyo sawa, neno likabeba maana ya pili bila kuitupa ya kwanza, na kinachozitenganisha ni upatanisho wa kisarufi.

Chukua kampuni yenye hisa 1,000, na mama mmoja anazo 300. Hisa zake ni 300. Hisa yake ni asilimia 30. Kampuni ikitoa hisa nyingine 1,000 na mama asinunue hata moja, hisa zake zitabaki 300 zilezile, ila hisa yake itashuka hadi asilimia 15. Umoja umetaja fungu, wingi umetaja idadi. Serikali ya Kenya ilipouza sehemu ya Safaricom mwaka 2008, hisa zilizouzwa zilikuwa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Hisa iliyouzwa ilikuwa asilimia 25 ya kampuni. Magazeti huandika "hisa zake ni asilimia 30", na siwezi kusema ni kosa. Lakini katika waraka wa fedha ningekusihi ushike upatanisho huu, kwa sababu mtu akichanganya idadi na fungu anaweza kudhani hajapoteza kitu, kumbe sauti yake katika mkutano mkuu imepungua nusu.

Usivichanganye pia vipande na hisa. Tanzania, tangu Mfuko wa Umoja ulipoanza mwaka 2005, anayewekeza katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja hununua vipande. Mwenye kipande ana fungu katika mfuko, na mfuko ndio wenye hisa katika makampuni.

Na jina la soko lenyewe? Nairobi ilibadilisha jina lake la Kiingereza mwaka 2011, ikaacha "stock" ikachukua "securities", neno pana linaloingiza hatifungani pia, lile ambalo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya Tanzania inaliita dhamana. Wasemaji wa Kiswahili hawakufuata. Andika Soko la Hisa la Nairobi, kila mtu atajua unasema soko lipi.