Jibu: Mafumbo iko sawa, lakini hakuna mwenye anaguswa

Leki, nimekusoma: mchezo wako wa kompyuta uko na dada na mudogo wake, banapandisha maji kutoka ziwa Kivu, mafumbo inatembea muzuri, lakini batu benye ulipatia bajaribu pale Bukavu banamaliza na kuuliza tu kama kuko levo ingine. Ile njo ilinipata na mchezo wangu wa kwanza, nilijaza maneno ya huzuni kila pahali na batu banafinya butoni bapite.

Angalia mchezo wa video Brothers: A Tale of Two Sons, ya 2013, iko na bandugu babili, mukubwa na mudogo. Mukubwa unamwongoza na kijiti cha kushoto cha manete (kile unashika mu mikono kwa kucheza), mudogo na cha kulia, kila mumoja na butoni yake. Mudogo anaogopa maji, anavuka ku mgongo wa mukubwa. Kisha mukubwa anakufa, unafika mbele ya maji, na ni ile butoni ya mukubwa njo inafanya mudogo aogelee. Kidole chako njo kinakumbuka (nililia, usicheke).

Kwa hiyo kata maneno. Bidoni ya lita 20 ikuwe fumbo: mudogo haiwezi peke yake, dada anashika upande, na mchezaji azoee ile mara mingi. Halafu siku moja dada hayuko, bidoni ni ile ile. Ukiharakisha haitauma mutu.

Na vile ulisema ni dada yako mwenye alifariki, ulizia mama kwanza mbele ya kuweka jina lake. Kama usingizi unakataa, funga kompyuta uone mutu wa saikolojia, mimi nilichelewa.