Kwa mnaoanza neurofiziolojia: jifunzeni uchafu kabla ya ugonjwa

Wengi mnaokuja huku mnajua mtashinda mmekaa mnatazama skrini, hata mi nilikuja hivyohivyo, nikakuta nusu ya kazi ni kusugua vichwa vya watu ili vile vibandiko vya kunasa umeme vishike vizuri. Sitanii. Na ukisugua vibaya hata awe bingwa gani hawezi kukusomea hiyo rekodi.

Kama bado huelewi umeingia mlango gani ni hivi: daktari wa nyurolojia anamsikiliza mgonjwa na kumgonga goti kwa kinyundo, sisi tunapima umeme wa mwili wake. Wa ubongo kwa EEG, wa neva kwa NCS (unapiga neva shoti ndogo unapima kasi yake), wa misuli kwa EMG (kwa sindano), halafu kuna kile kipimo cha kumtazamisha mtu miraba myeusi na myeupe inayopishana ili tuone habari inachukua muda gani kutoka jichoni mpaka kisogoni, kawaida ni kama milisekunde 100 hivi. Wengine wako chumba cha upasuaji masaa kibao, mtu anafanyiwa operesheni ya uti wa mgongo wao wanaangalia tu kama ishara bado zinapita, zikianza kupotea wanamwambia daktari wa upasuaji hapohapo.

Sasa tuje kwenye EEG maana ndo wengi wanaanzia hapo. Umeme wa ubongo ukifika juu ya ngozi unakuwa ni makumi ya maikrovolti tu, yaani mdogo mno, kukunja uso tu kunaufunika. Hans Berger, Mjerumani aliyeurekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, alikaa mpaka 1929 ndo akachapisha, muda wote huo hakuwa na uhakika kama kweli ni ubongo au ni takataka za mashine. Wewe wiki ya 2 unaandika "kifafa" bila hata kupepesa!

Mi yalinikuta. Mtoto mchanga amepakatwa na mama yake, nikaona mawimbi yanakuja kwa mpangilio safiii, tap tap tap, nikajisemea hii degedege kabisa, nikakimbia kumwita mkubwa wangu. Akaja, hata skrini hakuitazama, akachungulia tu chumbani akasema, "Mama, hebu acha kidogo kumpigapiga mgongoni." Mawimbi yakakata. Niliishiwa pozi. Tangu siku ile mtu akitikisa mguu, akitafuna, akikohoa, akikuna kichwa, naandika palepale kwenye rekodi, na macho yangu yako kwa mgonjwa kwanza ndo skrini.

Kwa hiyo miezi ya mwanzo usihangaike na magonjwa, hangaika na uchafu, yaani mawimbi yasiyotoka kwenye ubongo, na ukawaida. Mwambie mgonjwa afumbe macho uone mdundo wa alfa unavyotokea kisogoni, mizunguko 8 mpaka 13 kwa sekunde, akifumbua unapotea. Angalia kope zinavyochora, jasho linavyochora, moyo unavyoingilia. Na kichwa pima kwa futi kamba, usikadirie kwa macho: ukitoka juu ya pua mpaka kinundu cha kisogo ukapata sentimita 36, alama ya kwanza ni asilimia 10 yake, 3.6, sio "hapahapa tu". Nasema hivi kwa sababu kusoma kupita kiasi kunaumiza watu, mtu anabandikwa kifafa kwa kijiwimbi cha kawaida cha usingizi, anameza dawa miaka na gari haruhusiwi kuendesha. Ila na kinyume chake, EEG ikitoka safi haimaanishi hana kifafa, labda siku hiyo ubongo ulitulia tu.

Upande wa neva mchawi ni baridi. Alikuja mtu analalamika ganzi mikononi, nikapima kasi nikapata mita 43 kwa sekunde wakati mkononi tunataka 50 kwenda juu, nishaanza kujenga ugonjwa kichwani. Kumshika mkono, barafu! Tukaupasha moto taratibu mpaka ngozi ikafika nyuzi 32, narudia napata 52. Neva inapoteza kama mita 2 kwa kila nyuzi inayoshuka, so kipimajoto kiwe mezani muda wote. Hata futi kamba ya kupimia umbali kwenye neva, ukikosea sentimita 1 kwenye 10 ushaharibu kasi kwa asilimia 10.

Sindano ya EMG nayo ina wakati wake. Ukiletewa mtu aliyeumia neva siku 4 zilizopita, msuli haujaanza kuonyesha dalili za kukatiwa umeme, hizo zinataka kama wiki 2 au 3, kwa hiyo uliza tarehe ya ajali kabla hujafungua sindano, na uliza kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Kingine, kabla hujampiga mtu shoti omba wenzako wakupige wewe. Mi nilikuwa nawaambia wagonjwa ni kama kuumwa na sisimizi, nilivyopigwa ya kiwiko niliruka kwenye kiti wenzangu wakacheka mpaka machozi. Sa hizi nasema itakushtua, vidole vitaruka vyenyewe, na ukitaka tupumzike we sema tu.