Frilansa au msaidizi wa mtandaoni: nianze na yupi?

Swali: Nina duka dogo la mabegi mtandaoni na naliendesha peke yangu. Siku nzima inaishia kwenye ujumbe wa wateja: mzigo wangu uko wapi, mbona nashindwa kulipa, naomba ankara. Tovuti nayo inasumbua, ukurasa wa malipo hukwama kwenye simu. Fedha nilizonazo zinatosha mtu mmoja kwa sasa. Rafiki mmoja anasema nichukue msaidizi wa mtandaoni, yaani mtu wa kunisaidia kazi za kila siku akiwa mbali, anifanyie yote. Mwingine anasema frilansa, yaani fundi anayejitegemea na kulipwa kwa kazi moja moja, ni nafuu. Niamue vipi?

Jibu: Anza na frilansa wa tovuti, na sababu umeitaja mwenyewe. Sehemu ya ujumbe unaokuchosha unatokana na ule ukurasa unaokwama. Ukimleta msaidizi leo, utamlipa kwa saa awaombe radhi wateja kwa kosa ambalo fundi angeliondoa mara moja. Huko ni kudeki sakafu huku bomba linavuja.

Kabla ya kumtafuta yeyote, pitia ujumbe wa wiki mbili zilizopita uugawe mafungu matatu: malipo, mizigo, mengineyo. Fungu la malipo ni la frilansa, kwa kuwa lina mwisho: likitengenezwa, limekwisha. Mizigo na ankara zitarudi kesho na keshokutwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo ya msaidizi.

Kuhusu unafuu, rafiki yako anapima kwa kipimo kimoja. Saa ya fundi wa tovuti mara nyingi ni ghali kuliko ya msaidizi, ila fundi akimaliza anaondoka. Bei ya msaidizi huonekana ndogo mpaka uizidishe: saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni takriban saa 43 kwa mwezi, kila mwezi. Tena wiki za mwanzo unalipa huku ukimfundisha, na muda wako wa kumfundisha nao una gharama.

Kwa frilansa, patana bei ya kazi nzima na uandike kazi iliyokamilika itaonekanaje. "Rekebisha tovuti" haitoshi. Andika hivi: mteja achague begi, alipe na apokee risiti kwa simu ya Android na ya iPhone bila ukurasa kukwama. Gawa malipo kwa hatua. Kwenye jukwaa la kutafutia mafrilansa kama Upwork, mkataba wa bei maalumu hukutaka uweke fedha ya hatua kabla kazi haijaanza, na hushikiliwa hadi uikubali kazi. Mfungulie akaunti yake ya kuingilia kwenye tovuti, uifute akimaliza. Jina la tovuti lisajiliwe kwako, kamwe si kwake. Andikianeni pia kwamba ukishalipa, kazi ni mali yako: Marekani na Uingereza, kwa mfano, hakimiliki ya kazi ya mtu asiye mwajiriwa kwa kawaida hubaki kwake bila maandishi.

Ukurasa ukishapona, hesabu ujumbe tena kwa wiki mbili. Ukibaki wa nusu saa kwa siku, majibu machache uliyoyaandaa tayari yatakutosha. Ukibaki wa saa mbili, mtafute msaidizi, umjaribu kwanza kwa mwezi mmoja. Muulize mapema kama saa usizozitumia zinahamia mwezi unaofuata. Wengi huuza saa kwa vifurushi, na hapo ndipo watu hugombana. Usimpe nywila ya barua pepe. Gmail hukuruhusu kumkabidhi mtu kisanduku chako asome na kujibu bila kuijua nywila. Mwekee pia mpaka wa fedha: hadi kiasi fulani anamrudishia mteja bila kukuuliza, kikizidi anakupigia. Bila mpaka huo atakuuliza kila kitu, na utakuwa umejiongezea mtu mwingine wa kumjibu ujumbe.

Huyo wa "kunifanyia yote" simkatai, wapo wanaojua mengi. Ila anayejibu wateja vizuri na pia kurekebisha mfumo wa malipo ni adimu, na akikosea kwenye malipo, mauzo yanasimama. Na ukianza kumpangia mtu saa za kuingia na kutoka na namna ya kufanya kila jambo, sheria za kazi za nchi nyingi zinaweza kumhesabu mwajiriwa wako, pamoja na kodi na haki zake. Muulize mhasibu wako kabla hujafika huko.