Kupima jengo la kijani: fika saa nane mchana

Ukiingia kwa mara ya kwanza kwenye jopo la kutathmini majengo na bustani zinazosifiwa kwa kutunza mazingira, utakabidhiwa faili nene la picha zilizopigwa alfajiri. Lisome, kisha nenda ukalione jengo likifanya kazi. Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo hutuma wataalamu kwenye eneo kabla waamuzi hawajaamua, na jengo sharti liwe limetumika walau mwaka mmoja. Iga utaratibu huo hata kama tuzo yenu ni ya wilaya.

Kwa jengo la pwani, fika saa nane mchana, Januari au Februari. Beba vipimajoto viwili: kimoja nje kivulini, kingine ndani usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Chumba kisicho na kiyoyozi kikizidi joto la kivulini kwa nyuzi tatu au nne, anza kukagua paa. Huku kwetu karibu na ikweta, bati hupigwa na jua kuliko ukuta wowote. Gusa dari kwa kiganja. Ikiwa ya moto, huenda hewa iliyo chini ya bati haina pa kutokea.

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Dar es Salaam, jua la adhuhuri mwezi Juni huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Dirisha la kimo cha mita 1.5 linahitaji paa lichomoze karibu sentimita 90 ili kioo chote kiwe kivulini saa hiyo. Upande wa magharibi hesabu hiyo haikusaidii, maana jua la jioni hupita chini ya mchomozo. Huko tafuta matofali ya matundu, mbao za wima au miti. Ukikuta pazia limefungwa na taa zinawaka mchana, umeshapata jibu. Upepo nao upime wavu wa mbu ukiwa mahali pake. Wavu hupunguza upepo sana, na michoro mingi huusahau.

Wageni wa kazi hii hupenda kutaja shule ya Gando, Burkina Faso, ya msanifu Francis Kéré, iliyokamilika 2001 na kushinda tuzo ya Aga Khan 2004. Wanachokumbuka ni kuta za udongo uliochanganywa na saruji. Watazame juu zaidi: dari ni ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, na bati limeinuliwa juu yake kwa kenchi za nondo, joto likatoka pembeni. Ukuta mzito hufaa zaidi pale usiku unapopoa. Pwani usiku haupoi vya kutosha, kwa hiyo ukuta huo hurudisha joto wakati watu wanataka kulala. Anayeiga Gando akiwa Tanga aige paa.

Maji hudanganya wengi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 inayopotea, ni lita 160,000. Inavutia kwenye faili. Lakini jengo linalotumia lita 500 kwa siku humaliza tenki la lita 5,000 kwa siku kumi, na kiangazi ni cha miezi. Uliza ukubwa wa tenki kabla ya ukubwa wa paa, na panda ukaone kama gata limeziba majani.

Kwenye bustani, kagua udongo kwanza, maua baadaye. Machimbo ya matumbawe ya Bamburi, Mombasa, yalianza kupandwa miti 1971 chini ya René Haller. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, tatu tu zilistahimili, mvinje ikiwemo. Majani yake hayakuwa yakioza, hadi walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza mboji. Kwa hiyo chimba sentimita 30 uone mboji na mizizi. Jaza shimo maji, yakinywewa jaza tena, hesabu muda. Bonde la kunyonya mvua lisilokauka ndani ya siku mbili linaelekea kuwa zalio la mbu. Ukoka unaomwagiliwa kila siku kwa maji ya kisima cha chumvi upunguzie alama bila huruma.

Cheti cha EDGE, cha kimataifa cha majengo ya kijani, hudai upungufu wa asilimia 20 katika nishati, maji na kaboni iliyotolewa wakati wa kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukikokotolewa kwa kulinganisha na jengo la kawaida. Ni hesabu nzuri, ila bili ni kitu kingine. Omba manunuzi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya miezi 12, gawanya uniti kwa mita za mraba. Ongeza dizeli ya jenereta, ambayo haimo kwenye LUKU, na maji ya kisima, ambayo hayana ankara. Rekodi zisipokuwepo, andika "haikupimwa". Nafasi hiyo usiijaze kwa makadirio ya msanifu.